Talaka ya Chumba cha Juu

Mtu anayeshinda na mifuko ya saruji hurudi nyumbani na vumbi. Mume, mtunza ghala la saruji, alirudi ananukia asumini.

Mke, fundi cherehani asiye na papara, alilinusa shati lake mara mbili, akalitia kwenye beseni. Siku ya tatu akauliza. Mume akacheka.

"Ninukie ya nani, mama watoto? Kule tupo mimi na panya."

Wivu ni moto wa pumba, huwaka chini kwa chini. Adhuhuri moja aliiacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akaenda ghalani.

Lilikuwa jumba kongwe la matofali mekundu, ambalo tajiri mmoja alimjengea bibi harusi asiyekuja kamwe. Kuta za sebule zilibomolewa ili mikokoteni ipite, madirisha yakazibwa, saruji ikapangwa hadi kwenye maua ya plasta darini. Chumba cha juu tu ndicho kilichobaki kitupu, maana sakafu yake ya mbao isingebeba mzigo.

"Yuko juu, shemeji," alisema mlinzi, macho chini. "Siku hizi hashuki hata kula."

Alivua viatu ili awafume. Asumini ilizidi kwa kila kipandio, na sauti ya mumewe ikamjia, ile ya chini aliyomposea nayo miaka tisa nyuma, na alipochungulia hakuona mwanamke, alimwona mumewe peke yake, amelaza shavu kwenye tao lililozibwa kwa matofali, anapapasa ukuta kama mtu anayepapasa shingo, anasema, ananyamaza, anasikiliza, anatabasamu, na ukuta wenyewe unapumua, matofali yakitoka na kurudi kidogo kidogo chini ya kiganja chake, mpaka yakatulia ghafla.

"Nani huyo mlangoni?" ikauliza sauti ya kike kutoka ndani ya tao.

"Mke wangu," mume alinong'ona.

"Mke wako ni mimi. Huyo ni nani?"

Mganga aliletwa kesho yake asubuhi. Alisoma dua mbele ya tao hadi jasho likamtiririka, kisha akawageukia.

"Bibi harusi hakuja, jini akakaa mahali pake, akangoja bwana. Huyu hafukuzwi, maana mumeo amemkubali. Amwache kwa ulimi wake mwenyewe, mara tatu."

Mke alimshika mumewe mkono. Ulikuwa wa baridi, na vumbi jekundu limejaa kwenye kucha.

"Nimekuacha," mume akauambia ukuta. Ufa ukapita darini.

"Nimekuacha." Ndani ya ukuta mtu akaanza kulia kwa kwikwi, taratibu, kama anayejizuia asisikike na majirani.

Wakangoja. Mume alifungua kinywa, akakifunga. Machozi yakamtoka.

"Malizia, baba watoto," mke alimsihi. "Moja tu."

Hakumalizia. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mkewe.

Mganga alikunja mkeka, akikwepa kumtazama yule mama.

"Talaka mbili," alisema polepole. "Bado mumeo ana ruhusa ya kumrejea."