Namba za Paskazia

Kila asubuhi Paskazia aliteremka hadi Mto Malagarasi na daftari. Alitazama ubao wa kupimia maji, akasoma namba, akaandika. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Silasi. Majirani wote walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, mbali, upande wa Kaliua. Yeye alibaki na mto, na upweke ulimkaba. Siku nyingine alijisalimu, akajiitikia mwenyewe.

Masika yale alichoka. "Nani anazisoma hizi namba?" alijiuliza. Basi siku tisa alikaa jikoni, akinakili namba ya jana na kuituma Kaliua kama kawaida.

Siku ya kumi akaja Dionis, bwana maji, baiskeli imejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kaliua?"

"Si nzuri. Mama, maji haya ni yetu na ya jirani zetu wa Burundi. Tulikubaliana tugawane kwa kilimo cha kiangazi. Wao wanapima kule juu, sisi huku, tunapelekeana namba. Sasa wao wameandika maji yamepanda. Sisi tumeandika yametulia. Wakubwa wetu wanasema wenzetu ni waongo, wameyaziba. Keshokutwa kuna mkutano. Naona makubaliano yanavunjika."

Paskazia angeweza kunyamaza. Kazi ikimtoka, atakula nini?

"Waongo si wao," alisema. "Ni mimi. Sikuteremka. Nilidhani hakuna anayejali."

Dionis aliguna. "Namba ya uongo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, mama. Ukishindwa kupima, acha wazi. Haya, twende."

Mtoni maji yalikuwa yamepanda kweli. Paskazia akaandika namba aliyoiona. Chini yake akaandika: "Siku tisa sikupima." Aibu ilimchoma, lakini akatia saini.

Daftari likafika mkutanoni. Wakubwa wakaomba radhi, na mgao wa maji ukabaki kama ulivyokuwa. Paskazia alionywa, akaachiwa kazi.

Mwezi uliofuata Dionis alileta karatasi.

"Hizi ni namba za mpimaji wa kule juu. Naye anakaa peke yake mtoni."

Paskazia alizifuata kwa kidole, taratibu. Kila maji yalipopanda kwake, mwenzake alikuwa ameyaona siku nne kabla.

Asubuhi iliyofuata aliteremka mapema. Alisoma ubao kwa sauti, uso ameuelekeza kule mto unakotoka.

"Mita mbili na nusu, ndugu yangu. Yamefika."