Twende, Twendeni

Asubuhi hiyo lifti ya jengo la biashara ilikuwa imegoma tena, na pale chini palikuwa hapapitiki. Mawakili na mikoba yao, wasusi waliowachelewea wateja, wagonjwa wa daktari wa meno walioshika mashavu, wote walisimama wakiitazama milango ya chuma kama watu wanaoidai. Katikati yao alikuwepo binti mmoja wa gauni la kijani na kilemba cha manjano, kakumbatia miamvuli miwili myeupe ya taa za studio. Alikuwa mpiga picha za pasipoti wa ghorofa ya saba, na jengo zima lilimwita Bi Picha.

Milango ikafunguka kidogo. Badala ya lifti kikatokea kichwa cha mwanamume, usawa wa viatu vya watu. Huyo alikuwa fundi wa lifti, amesimama ndani ya shimo na shavu lake lina grisi.

“Dada, una viatu vizuri,” kichwa kikasema.

“Viatu tu?”

“Kutoka huku chini ndivyo ninavyoviona. Unapanda ya ngapi?”

“Ya saba.”

“Pole. Leo hapandi mtu, labda abebwe.”

“Basi nibebee hii miamvuli,” Bi Picha akasema, “miguu ninayo.”

Alikuwa anatania. Lakini fundi huyu alikuwa na tabia moja ambayo kwao walikwisha kuizoea: ukimwambia neno, analichukua kama lilivyo na kwenda kulifanya. Akapanda kutoka shimoni, akajifuta mikono kwa tambara, akaitwaa miamvuli na kuanza kukwea ngazi. Mlinzi wa mlangoni akamwita, “Fundi, na lifti je?” Akajibu bila kugeuka kwamba lifti inasubiri spea na dada hasubiri kitu.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye kuta mbili za maana. Ukuta mmoja ulikuwa mweupe, wa pasipoti. Mwingine ulifunikwa na pazia kubwa lililoachwa na mwenye studio wa zamani: milima yenye theluji, misonobari, ziwa la buluu, na treni nyekundu inayopita kando yake. Watoto walipigwa picha hapo wakiwa na kandambili, na maharusi pia, na hakuna aliyewahi kuuliza ile theluji ni ya nani.

“Huku ni wapi?” fundi akauliza, angali anahema.

“Sijui. Kila mteja ana jibu lake.”

Akasogea karibu. “Hii ni Kanada. Kampuni iliyotuletea lifti ilitugawia kalenda, mlima huu huu uko mwezi wa tatu. Nchi kubwa hiyo, ukianza kuivuka unaweza kuzeekea njiani.”

“Haya, siku moja unipeleke.”

“Sawa,” fundi akasema. Kisha akavuta kile kiti cha mbele ya ukuta mweupe, akakaa. “Nipige.”

“Ya nini?”

“Ya pasipoti. Si umesema nikupeleke?”

Bi Picha alicheka mpaka akashindwa kushika kamera. Alipotulia akamwambia afute grisi shavuni na afumbe mdomo, maana picha ya pasipoti haitaki meno.

“Nitafumbaje nawe unaniangalia hivyo?”

“Naangalia kamera mimi.”

“Kamera ina bahati.”

Picha ikatoka na meno. Ikabidi arudi kesho yake kupigwa upya, na keshokutwa, na hata lifti ilipopona fundi akawa anapanda ngazi kwenda ya saba, jambo ambalo mlinzi alilisimulia jengo zima. Mapenzi yakaanza hivyo, bila hotuba.

Walikula chakula cha mchana kwenye chumba cha mashine juu ya paa, kamba za chuma zikizunguka nyuma yao kila mtu wa chini alipobonyeza kitufe. Hapo ndipo safari ilipopangwa. Mwanzoni fundi alitaka kuivuka nchi nzima, bahari hadi bahari. Bi Picha akafungua ramani kwenye simu na kuivuta kwa vidole mpaka ikamshinda.

“Mpenzi, mimi likizo yangu ni wiki moja. Hawa watu wana saa sita tofauti ndani ya nchi moja. Utakula asubuhi, ukifika upande wa pili hawajaamka.”

“Tutalala kwenye treni.”

“Tiketi ya kulala kwenye treni ni sawa na kununua treni.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mlima mmoja, ziwa moja, mji mmoja mdogo. Na treni tutaipanda mchana, vituo viwili, ili isemwe tumepanda.”

Fundi akaona hilo ni jema. Walichagua mwezi ambao watalii wamekwisha kuondoka na bei zimelegea. Wangelala kwenye bweni la wasafiri, vitanda vya juu na chini, na kupika wenyewe kwenye jiko la wote. Makoti wangeazima kwa binamu ya fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye majokofu ya samaki.

“Yatanuka,” Bi Picha alisema.

“Yatanuka, lakini utakuwa na joto.”

“Nitapiga picha ya ziwa nanuka samaki.”

“Watafikiri umelivua.”

Niseme kwa nini safari hii ilimshika Bi Picha rohoni. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Alilala kitanda cha watatu, akavaa gauni lililokwisha kuvaliwa na wawili, na hata jina la utani alilopewa utotoni lilihamia kwa mdogo wake. Wenzake walipoolewa na kutawanyika, yeye akabaki na mama, mjane mwenye maneno makali na moyo laini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na kitu cha watu wawili. Safari hii ingekuwa yake na mtu wake, basi. Naye alitaka kujua huko huko, mbele ya ziwa, kama mtu huyo anamtaka kwa miaka yote au ni wa kupanda naye ngazi tu.

Kikwazo kilikuwa mama. “Nitamwambia naenda na wenzangu wa kazini,” alisema siku moja.

Fundi akaacha kutafuna. “Wenzako gani? Studio uko peke yako.”

“Yeye hajui.”

“Sipendi nianze na mama yako kwa uongo.”

“Hujaanza naye kabisa. Niachie mimi mama yangu, nakuomba.”

Fundi akarudi kutafuna, na Bi Picha akadhani yameisha.

Ijumaa ile studio ilijaa wanafunzi wanaotaka picha za vyeti. Simu ikalia ujumbe, akausoma huku akimnyoosha mtoto wa watu kola. *Mpenzi, tumepata ndege ya bei nzuri kabisa. Wametushikia nafasi hadi kesho jioni. Twendeni.*

Akausoma tena. Mwanafunzi akapigwa picha kola ikiwa imepinda.

Twendeni. Mtu na mpenzi wake huambiana twende. Twendeni huambiwa kundi: watoto wa shule, waombolezaji, timu ya mpira. Ile “ni” ya mwisho haikumwacha. Akatoka kwenye korido, akapiga.

“Twendeni nani na nani?”

Upande wa pili fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye siri tamu. “Umeona, eh? Tuko watatu.”

“Watatu.”

“Usiniulize, nimekatazwa kusema. Mtu mzuri sana, utafurahi. Anataka kiti cha dirishani.”

“Anataka dirisha,” Bi Picha akarudia polepole. “Na mimi nikae wapi, kwenye mizigo?”

“Katikati. Au mimi nikae katikati. Mpenzi, mbona sauti—”

“Katikati nimekaa tangu nizaliwe,” akasema, na akakata. Fundi akapiga tena na tena, akaikuta simu imezimwa.

Wanafunzi walipoisha, alipanda kiti na kulifungua lile pazia la milima. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na nyuma yake ukuta ulikuwa na ukungu. Akalikunja, treni ikaingia ndani ya ziwa, akalisukuma chini ya meza. Alilia, ndiyo, lakini kidogo, kwa sababu mteja wa mwisho alikuwa anagonga mlango na mwenye macho mekundu hawezi kumwambia mtu atulize uso.

Kesho yake, Jumamosi, fundi hakumkuta studio. Bi Picha alifunga mapema na kushuka kwa ngazi, asije akamkuta yule mtu ndani ya lifti. Alitaka kufika nyumbani, avue viatu, anyamaze na mama yake.

Mlangoni akaona viatu vya kiume vyenye grisi. Akaingia.

Sebuleni, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mama, anamfunga vifungo vya koti kubwa la buluu lililonuka samaki nyumba nzima. Mama jasho linamtoka kwenye paji la uso, lakini amekaa wima kama anayevishwa taji.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Kanada,” mama akasema. “Kwani wewe hukuambiwa?”

Bi Picha akaketi kwenye mkono wa kochi. Fundi akasimama, mikono nyuma.

“Nilikuja Jumatano,” akaanza. “Ulisema nikuachie mama yako, najua. Nilishindwa. Nikamwambia ukweli wote, na treni, na bweni. Mama akasema binti yake haendi popote na mwanamume ambaye si mumewe, labda na yeye aende, akae katikati.”

“Eh?”

“Basi nikaenda kutafuta nafasi ya tatu.”

Bi Picha akamtazama mama yake, na mama akaangalia vifungo vya koti.

“Mwanangu,” mama akasema, “mimi nilikuwa nakataa. Mtu akisema labda niende mimi, si ndiyo hapana yenyewe? Kila mtu anajua. Mchumba wa dada yako mkubwa nilimwambia labda nihamie kwenu, akaelewa, hakurudi mwezi mzima. Huyu akaondoka hapa amefurahi. Siku mbili baadaye karudi, ananiuliza nataka dirisha au njiani. Amebadilisha ndege, tunatua mara tatu huko katikati, ili watatu tuingie kwenye bei ya wawili.”

“Na ule ujumbe?”

“Nilikuwa nimekaa hapa hapa,” fundi akasema. “Nikawaambia nyote kwa mpigo, yeye kwa mdomo, wewe kwa simu. Twendeni. Mama akasema nisikutajie ni nani, anataka kuona uso wako.”

“Nimeuona,” mama akasema. “Sikuupenda.”

Bi Picha alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya kilemba. “Nilidhani una mtu,” akamwambia fundi. “Usiku mzima nilikuwa natafuta sura ya huyo anayetaka dirisha. Kumbe ni mama.”

“Mimi nina mtu. Ndiye huyo anayelia.”

Mama akakohoa. Akapekua mkoba wake, akatoa picha ndogo za pasipoti. Bi Picha akazipokea na uso ukambadilika.

“Umepigwa wapi hizi?”

“Sokoni. Ningekuja kwako ungejua.”

“Mama, wamekupiga mwanga wa chini. Una kidevu cha waziri.” Akazitazama tena. Mama yake alikuwa amesuka upya kwa ajili ya picha ile, na amevaa hereni zilizolala kabatini tangu baba alipofariki.

“Sasa nisikilizeni,” mama akasema. “Mchezo umeisha. Mimi na miguu hii nifuate nini kwenye barafu? Nilitaka kumpima kijana, nimempima. Kama kuna anayetaka kunitoa hapo katikati, iko njia rahisi kuliko ndege.” Akamkazia macho fundi.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, fundi alielewa fumbo bila kuelezwa. Akamgeukia Bi Picha.

“Sikuja na pete,” akasema. “Nilidhani ningekuuliza kule kwenye ziwa, na nilikuwa nimejizoeza maneno kwenye chumba cha mashine, sasa yamenitoka. Nataka uwe mke wangu. Kabla ya safari au baada yake, utakavyo wewe. Sisi wawili tu. Twende?”

Alilitamka taratibu, na hakuongeza kitu mwishoni. Bi Picha alikuwa amelisubiri neno hilo tangu jana, tena tangu zamani kuliko jana. Likamwingia likatulia.

“Kabla,” akajibu. “Wazee wako waje wiki ijayo, wasije na mikono mitupu.”

Mama akapiga kigelegele kifupi, cha ndani ya nyumba. Kisha akaanza kulifungua koti. Alifungua kifungo cha juu, halafu cha pili, na kwenye cha tatu kidole kikakawia, akiyapapasa yale manyoya ya kola yaliyochakaa. Aliyezoea kupiga watu picha hujua uso ulio na furaha na uso unaojifanya, na Bi Picha aliona vizuri.

Akaenda akapiga magoti alipokuwa fundi. Akakifunga kifungo cha pili, akakifunga cha juu.

“Usivue, mama,” akasema. “Kesho utakuja studio nikupige picha nyingine, hiyo hawataikubali. Na wewe, wapigie hao wa ndege kabla jioni haijaisha, waambie dirisha ni la mama.”

Fundi akamtazama, asiwe na hakika, kama mtu aliyekwisha kuchoka kuchukua maneno kama yalivyo. “Una maana hasa?”

“Nina maana hasa,” Bi Picha akasema, na akaunyoosha ukosi wa koti kwa mikono miwili. “Twendeni.”