Dhahabu Haikukimbia

Kila asubuhi Limi alichota maji kisimani, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, ndipo akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano katika kijiji kimoja cha wakulima na wachimbaji, si mbali na Geita. Tangu azikwe baba yake, Bujiku, kazi hizo alizifanya vilevile, ila sasa alizifanya kimya, na chakula alikigusagusa tu. Mama yake alidhani ni majonzi. Kweli yalikuwa majonzi, lakini ndani yake lilikuwamo jambo ambalo Limi hakumwambia mtu.

Bujiku na rafiki yake Marcel walikuwa na shimo lao la dhahabu, ambalo wachimbaji huliita duara. Humo walifuata mshipa wa jiwe jeupe, maana dhahabu ilikaa ndani ya jiwe hilo. Wachimbaji wa pale walikuwa na mwiko: mwanamke asikaribie mdomo wa duara, hata awe mtoto, la sivyo dhahabu itakimbia. Siku moja Bujiku alisahau viazi vyake nyumbani. Limi alimpelekea. Aliita, hakuna aliyesikia, akasogea mpaka ukingoni. Baba yake alipanda, na Marcel nyuma yake, akavipokea viazi kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa zawadi, kisha akamfuta mtoto vumbi usoni. Hakumkemea.

Kesho yake jiwe jeupe likakatika ghafla. Mbele yao ukawa mwamba mweusi mtupu. Walichimba pembeni siku nne wakiutafuta mshipa, na siku ya nne, baada ya mvua kubwa, udongo ulianguka ukamfunika Bujiku. Marcel, aliyekuwa juu akivuta ndoo, alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Walipomfikia, Bujiku alikuwa amekwisha kufa.

Basi Limi aliamini kwamba yeye ndiye aliyeifukuza dhahabu, na kwamba baba yake alikufa akiikimbiza.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Mwalimu Scolastika alikuwa akifundisha habari za miamba. Limi akanyoosha kidole, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwalimu, dhahabu ikishakimbia, mtu afanye nini ili irudi?"

"Wewe si ndiye uliyeifukuza?" akasema Maduhu kutoka dawati la nyuma. "Kaiite mwenyewe."

Wengine walicheka, wengine wakainama. Mwalimu hakucheka. Aliwanyamazisha, akaendelea na somo, na alasiri ile akafunga safari hadi kwa Mama Limi.

Alimkuta Marcel uwanjani akipasua kuni. Tangu msiba, Marcel alikuja kila baada ya siku mbili, akaacha kuni mlangoni na kuondoka bila maneno mengi. Mama Limi alikuwa jikoni akichemsha viazi. Baada ya salamu, mwalimu alieleza swali lililoulizwa darasani, kisha akamwuliza Limi, aliyekuwa amesimama kando, taratibu, kwa nini aliuliza vile.

Limi alitazama miguu yake. "Mayu," alimwambia mama yake, "mimi ndiye niliyemuua baba." Akasimulia yote, viazi na ukingo wa duara na jiwe lililokatika.

Mama yake alimvuta akamkalisha karibu naye. Shoka la Marcel lilikuwa limenyamaza.

Mwalimu aliomba chungu kilichokuwa kando ya mafiga. Kilikuwa na ufa mwembamba, na nje, kuufuata ufa huo, palikuwa na mstari mweupe.

"Hii nini, Limi?"

"Chumvi. Maji ya kupikia hupenya pale."

"Maji yalipita, yakaiacha chumvi. Sasa sikiliza. Zamani mno, kabla ya mtu wala mnyama yeyote, chini sana ya ardhi hii kulikuwa na maji ya moto yaliyobanwa na miamba. Yalibeba dhahabu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, kama haya yalivyobeba chumvi. Ardhi ikatikisika, miamba ikapasuka, maji yakapanda kwenye nyufa. Hayakukauka kama ya chungu. Yalipoa, yakaacha jiwe jeupe na dhahabu ndani yake. Yakapita tena na tena, miaka maelfu kwa maelfu, mpaka nyufa zikajaa. Huo ndio mshipa aliofuata baba yako."

"Mbona ulikatika?"

Mwalimu alichukua kiazi, akakichora mstari kwa mkaa. Akakikata kwa kisu kukatiza mstari ule, kisha akakisukuma kipande kimoja pembeni. Mstari haukukutana tena.

"Ardhi ilivunjika baadaye, upande mmoja ukateleza. Mshipa ulikatika kabla hajazaliwa babu wa babu yako. Ungekwenda pale au usingekwenda, baba yako angeukuta umekatika palepale."

Limi aligusa kile kiazi, akakirudisha, akakisogeza tena.

Marcel alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji," alimwambia Mama Limi, "mimi ndiye niliyetangaza kwa watu kwamba mtoto ameifukuza dhahabu. Bujiku alinikataza. Na yeye alitaka tukate magogo ya kuegemeza udongo kabla ya kuchimba pembeni. Mimi nikamwambia tutachelewa."

Mama Limi alisukuma kuni mafigani. "Ulipaswa kuyasema siku ya mazishi," alisema. Hata hivyo alimsogezea kigoda.

Marcel aliahidi kupita kila duara kesho yake, awaambie wachimbaji ukweli ule, na awasihi wasishuke pasipo magogo. Na alipita kweli, ingawa wengine walimzomea.

Jioni ileile, mwalimu alipokwisha kuondoka, mama alimwambia binti yake, "Mwanangu, jambo likikuumiza, liseme, na usilolijua uliulize. Ukilificha, uongo hukua humo ndani kama gugu shambani. Ukweli hautamrudisha baba yako, lakini hautakuonea."

Limi alikula viazi viwili. Halafu akalia, akalia sana, na mama yake hakumbembeleza anyamaze, kwa sababu safari hii alikuwa akimlilia baba yake tu.