Mahamri ya Mowlem

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Hikma aliketi kwenye ngazi za nyumba yao mtaani Tena, jijini Nairobi, simu ya mama mapajani, akisubiri baba yake apige kutoka Doha. Mzee Mahmud alikuwa dereva huko. Alipoondoka, Hikma hakujua hata kufunga kamba za viatu. Sasa alikuwa gredi ya saba. Alikuwa na hamu ya baba yake mpaka kifua kikamuuma.

"Biashara ya mama yako ikisimama imara, narudi," baba alikuwa akisema. "Akiba yangu nitaitia humo."

Biashara yenyewe ilikuwa mkahawa mdogo wa mahamri na mbaazi za nazi, chini ya fleti mpya za Mowlem, mtaa wa jirani. Mama yake, Lela, aliuendesha kama walivyozoea kwao Malindi: alifungua jua lishapanda, akapanga meza ili wateja wakae wale taratibu. Shida ni kwamba wateja hawakuja. Kila jioni mahamri yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumbani, mpaka Hikma akayachukia.

Ijumaa hiyo baba aliuliza, "Biashara inaendaje, mwanangu?"

Hikma aliujua ukweli, lakini hamu ilimshinda. "Vizuri sana, Baba. Watu wanapiga foleni."

"Alhamdulillahi. Basi kesho namwambia bosi naacha kazi."

Hikma angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake akilini alimwona baba akifika na mabegi yake, akakuta meza tupu, na kazi ya kurudia hana.

"Baba, usimwambie," alisema huku akilia. "Nimekudanganya. Hakuna foleni. Nilitaka tu urudi."

Baba akauliza kwa upole, "Watu wa hizo fleti huwaoni?"

"Nawaona asubuhi mapema nikienda shule. Wanakimbilia steji ya matatu bila kula, na sisi bado tumefunga. Hata mafundi wa mjengo, wanaojenga fleti nyingine hapo, huniuliza kama tuna chai."

"Mpe mama yako simu."

Jumatatu, kama walivyokubaliana na baba simuni, Lela alifungua kabla hakujapambazuka, mahamri ya moto yakiwa tayari kwenye mifuko ya karatasi. Fundi mmoja wa mjengo, Wahome, alinusa akasimama. "Mama, si ungeanza hii kitu kitambo? Nifungie manne."

Ilipofika saa nne mafundi wenzake walikuja kunywa chai. Kabla muhula haujaisha, Lela alikuwa amemwajiri jirani yao, Nthoki, na baba alikuwa ametuma akiba yake wakanunua jiko kubwa.

"Nimekata tiketi," baba alisema Ijumaa moja. "Huku nimeendesha magari ya watu miaka yote. Hapo kwetu fleti zinajengwa kila uchao, na kila anayehamia anataka kula, kunyolewa, kushonewa nguo. Mtaa unaokua una nafasi, na anayeingia mapema hukua nao. Lakini nisingeweka jasho langu mahali nisipoambiwa ukweli. Siku ile ungeendelea kunidanganya, tungepoteza vyote. Usiufiche ukweli hata ukiwa na hamu kiasi gani."

"Sitauficha, Baba." Hikma akafuta macho. "Basi nikwambie mwingine?"

"Niambie."

"Sikumbuki urefu wako."

Baba alicheka. "Utasimama karibu yangu mlangoni, mwanangu, ujipime mwenyewe."