Njuga za Kabula

Neno lenyewe lilianzia kwa Bi Tausi, chini ya msusi wa chuma, na Nyamizi hakuweza tena kulitoa kichwani.

"Wale mafundi wanaotiwa watoto kwenye mifupa," alisema Bi Tausi, huku mikono myembamba ya ile mashine ikimsuka kwa kasi, "ati kabla ya kujenga, wanavunja. Na wanavunja mtoto akikanyaga chini. Nimeambiwa na mtu anayejua."

"Mtu gani huyo?" akauliza Nyamizi.

"Shoga, mtu anayejua haulizwi jina!"

Saluni nzima ikacheka. Nyamizi hakucheka. Binti yake Kabula, msichana wa miaka sita mwenye maneno mengi kuliko mwili, alikuwa ametiwa mafundi hao wiki hiyo hiyo.

Wakati huo Tabora ilikuwa imejulikana kwa Nyumba ya Mifupa. Wagonjwa walikuja kutoka Kigoma, kutoka Bujumbura, hata kutoka makazi ya mwezini, ambako mtu ni mwepesi kama unyoya na mifupa yake hulegea kwa kukosa uzito wa kubeba. Walishushwa kwenye viti, na baada ya miezi walirudi zao wakitembea.

Siri ya nyumba hiyo ilikuwa kuelewa kwamba mfupa si jiwe. Mfupa u hai. Ndani yake wamo wavunjaji wanaoondoa sehemu iliyochoka, na nyuma yao wanafuata wajenzi wanaoziba kwa mfupa mpya, tangu mtu anazaliwa mpaka anakufa. Kwa Kabula wavunjaji walikuwa wepesi na wajenzi wazito. Mkono wake uliwahi kuvunjika akivuta shuka tu. Ndipo wakaletwa mafundi: vijimashine vidogo kuliko vumbi la unga, vinavyoingizwa kwa sindano ili kuwasimamia wavunjaji na wajenzi wote.

Mafundi hao hawana macho. Wanafuata uzito. Mfupa unapoelemewa wanaongeza, usipoelemewa wanapunguza. Ili wapate habari, mtoto alivishwa njuga mbili, moja kila kifundo cha mguu. Mguu ukipata mshindo, njuga inalia, na mlio ule unapeleka ujumbe ndani ya mfupa, na pia kwa daktari huko aliko.

"Atembee," alisema Dokta Gaudensia wa nyumba hiyo siku ya sindano. "Akianguka, aamke. Nataka njuga zilie mchana kutwa."

"Sawa, daktari," alijibu Nyamizi. Alikuwa bado hajaenda saluni.

Alipotoka saluni alifungua sanduku, akatoa mbeleko aliyombebea Kabula alipokuwa mchanga.

"Panda."

"Mama, mimi mkubwa!"

"Panda, nimesema."

Tangu hapo Kabula hakukanyaga chini. Nyamizi aliuza asali sokoni, na kila alikokwenda, kwenye mizinga porini, kwa wateja, kwa jirani, mtoto alikuwa mgongoni, miguu imembana mama yake kiunoni. Na kila Nyamizi alipopiga hatua, njuga zililia. Chwa, chwa, chwa.

Sauti ya daktari ikaja nyumbani kupitia kipaza cha ukutani. "Hongera, mama Kabula! Mwanao anatembea kuwashinda wenzake wote."

"Asante, daktari."

"Lakini mama, mimi si—"

"Nyamaza, mkubwa anaongea."

Kilichomtia Nyamizi moyo zaidi ni kwamba Kabula hakuvunjika tena. Miezi ikapita bila plasta. Akamwambia Bi Tausi, "Unaona? Mwanangu hakanyagi chini, ndiyo maana yu mzima." Bi Tausi akatikisa kichwa kwa fahari ya mtu aliyeokoa maisha.

Mvua zilipokwisha walikwenda kupimwa. Kabula alilazwa chini ya taa ya buluu, na mifupa yake ikatokea hewani, mikubwa, inazunguka polepole. Ilikuwa minene. Ilikuwa myeupe na imara, mifupa ambayo mtoto yule hajawahi kuwa nayo. Dokta Gaudensia akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likamwishia mdomoni. Mapaja yalikuwa yamepinda kuelekea nje kama ukingo wa chungu.

"Mtoto huyu amekumbatia nini?" aliuliza.

"Mama," alisema Kabula bila wasiwasi. "Mimi napanda mgongo wa mama. Njuga zinalia mama akitembea. Nilitaka kusema, nikaambiwa ninyamaze."

Daktari akamgeukia Nyamizi. "Mbebe nione."

Nyamizi akamfunga mgongoni kwa mbeleko. Ile picha ya hewani ikasogezwa mpaka kiunoni kwake, ikakaa, haikuacha hata upenyo. Mafundi walikuwa wamefanya kazi yao bila kosa. Walikuwa wamejenga miguu ya kukaa mgongoni mwa mama.

"Niliambiwa wanavunja," alisema Nyamizi. Machozi yalishuka, lakini sauti ilitoka.

"Wanavunja kweli. Wanaondoa kilichochoka, punje kwa punje, hata kwangu na kwako sasa hivi tukiwa tumesimama hapa. Bila hivyo kipya kitakaa wapi? Ungeniuliza, mama."

"Ningeonekana mjinga."

"Na mimi nilisikia njuga nikaridhika, sikuomba kumwona mtoto. Tumekosa wote wawili." Dokta Gaudensia akazima taa. "Bado anakua. Mafundi wale wale walioikunja mifupa wataweza kuinyoosha, nina hakika. Lakini mguu uliopinda ukikanyaga, unauma. Atalia. Ukimbeba, wataendelea kumjenga kwa umbo la kiuno chako, na akishakomaa hivyo hatatembea tena."

Kesho yake Kabula alisimamishwa uani. Akapiga hatua, akaanguka.

"Mama, nibebe!"

Nyamizi alikaa kizingitini, ameikalia mikono yake mwenyewe.

"Mama, inauma! Nibebe!"

Bi Tausi, jirani yao, akachungulia juu ya ukuta. "We Nyamizi! Roho gani hiyo? Mtoto analia, wewe umekaa kama umekuja harusini!"

"Bi Tausi, njoo huku."

"Nije kufanya nini?"

"Unishike mikono. Nisiposhikwa nitambeba, na nikimbeba nimemmaliza."

Bi Tausi alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na moyo pia. Akazunguka mlangoni, akakaa, akaishika ile mikono kwa nguvu, na wote wawili wakalia bila kutoa sauti. Kule uani Kabula alilia mpaka akachoka. Kisha akashika ukuta. Akainuka. Njuga moja ikalia. Baadaye, ya pili.

Alipowafikia alikuwa amejaa vumbi na kamasi. "Mnanitazama nini? Sogeeni nipite."

Leo Kabula anakimbia. Mguu wa kushoto umebaki umepinda kidogo, mahali palipogusa ubavu wa mama yake. Na pale sokoni, akitokea mama mwenye mtoto wa njuga, Nyamizi hampimii asali kabla hajamwambia haya:

Usimbebe mtoto anayeweza kusimama.

Usifurahie njuga kabla hujatazama ni miguu ya nani inayotembea.

Usipokee sifa ambayo mtoto wako mwenyewe anaikataa.

Usimnyamazishe anayesema ukweli kwa sababu mkubwa anaongea.

Usilipeleke nyumbani neno la saluni kabla hujalipeleka kwa daktari.

Usione haya kuuliza.

Usikae peke yako siku ya kwanza atakapolia. Tafuta mtu akushike mikono.