Mikato Kumi na Saba

Katoro nzima hakuna anayeniweza kwa barua ya Kiingereza. Mimi ni Wilbard, nina kidato cha nne, na kompyuta ya steshenari iliyo mkabala na stendi naijua kuliko mwenye nayo. Barua niliyoandika mimi hairudi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kila siku, mpaka Jumanne moja mchana, barua iliporudi.

Ilikuwa barua ya Mama Vaileth. Mumewe, Sostenes, alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Ijumaa iliyopita udongo uliporomoka ndani ya duara, yaani lile shimo refu wanaloshukia wachimbaji. Watu wawili walitoka wakiwa hai. Sostenes hakutoka. Wenye leseni wakatangaza kwamba Alhamisi mashine itafukia maduara yote. Meneja wao ni mgeni, Kiswahili hajui. Alisema anayetaka ndugu yake atafutwe alete maelezo ya maandishi kwa Kiingereza.

Mama Vaileth hakutaka kingine. Alitaka mwili wa mumewe ukazikwe kwao Ushirombo kabla udongo haujamfunika moja kwa moja.

Sasa nieleze tunavyofanya kazi steshenari. Ndani ya kompyuta kuna barua moja, tunaiita sampuli. Mteja akija, unafuta jina la jana, unaweka la leo. Siku Mama Vaileth alipokuja mara ya kwanza, nilichukua barua ya mtu aliyelalamikia mpaka wa shamba. Nikabadilisha majina. Kisha nikaipamba. Kila baada ya maneno mawili matatu niliweka mkato. Nilipotaka barua ionekane ya msomi zaidi, niliweka nukta-mkato, ile alama yenye nukta juu na mkato chini. Wateja wanazipenda. Mtu asiyejua Kiingereza akiona vialama vingi anajua amehudumiwa.

Jumanne hiyo Mama Vaileth aliiweka ile barua mezani kwangu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mwita, yule kijana wa getini, ameniambia bosi ameisoma mara mbili," alisema. "Haoni mume wangu yuko wapi."

"Ungemwambia Mwita amweleze kwa mdomo, mayu," nikamjibu. Mayu ndivyo tunavyomwita mama huku.

"Nimemwambia. Anasema mdomo wake hauingii kwenye faili."

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni dada Agnetha, muuza vitenge. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Maelezo ya mashahidi ameyaandika miaka ishirini. Alitusikia, akaingia, akanyoosha mkono. Nikampa barua. Akahesabu kwa kidole.

"Mikato kumi na saba. Nukta-mkato tisa. Wilbard, hii ni barua au umeinyunyizia mtama kuku wale?"

"Ni vituo, dada. Ili msomaji apumzike."

"Soma kwa sauti."

Nikasoma: "My husband, Sostenes, is, in the, mine." Nilisikika kama pikipiki inayoishiwa mafuta.

"Sasa mweleze mwenye barua umemwandikia nini."

Nikaanza kutafsiri. Mume wangu Sostenes yuko mgodini. Naomba ofisi yako ije ipime mpaka wa shamba... Sentensi ile nilisahau kuifuta.

"Shamba gani?" Mama Vaileth akauliza taratibu.

Dada Agnetha hakunifokea. Alimvutia mama yule stuli, akakaa karibu naye.

"Mama Vaileth, siku ile baba Vaileth alikuaga vipi?"

"Kama siku zote. Kila asubuhi ananiambia anaingilia wapi. Wote huwaambia wake zao, maana kule chini hakuna daftari. Alisema, leo nashuka duara la tatu, tukifika chini tunageuka kushoto. Tuko mimi, Felician na Masudi. Hao wenzake ndio waliotoka. Wao walibaki karibu na kamba. Yeye alitangulia."

"Wilbard alikuuliza haya?"

"Hapana. Aliniuliza jina."

Dada Agnetha akanisogezea karatasi na kalamu. "Kwanza jambo, ndipo alama. Jambo moja, sentensi moja, nukta. Andika alivyosema."

Nikaandika: "On Friday morning, my husband went down shaft number three."

"Umeanza na wakati, Ijumaa asubuhi," alisema. "Baada yake weka mkato, kisha sema kilichotokea. Endelea."

"Felician, Masudi, and my husband turned left."

"Vizuri. Watu watatu wamepangwa, mkato unawatenganisha. Lakini usiweke mkato kati ya watu na walichofanya. Waache wageuke kushoto bila kizuizi."

"Na nukta-mkato, dada?"

"Hiyo inaunga sentensi mbili nzima zenye maana ya karibu. Tazama."

Akaandika: "Felician and Masudi stayed near the rope; my husband went ahead." Yaani Felician na Masudi walibaki karibu na kamba, mume wangu alitangulia.

"Funika upande mmoja kwa kidole," akaniambia. "Uliobaki unasimama wenyewe?"

"Unasimama."

"Funika wa pili."

"Nao unasimama."

"Basi ni halali yake. Sasa rudi kwenye barua yako ya kwanza, mstari wa chini. 'My husband', kisha nukta-mkato. Mume wangu, amefanya nini? Hapo hapasimami."

"Nikiweka mkato mtupu kati ya sentensi mbili nzima?"

"Mkato peke yake hauzishiki. Weka nukta. Au weka mkato pamoja na neno la kuunga, kama 'and' au 'but'."

Barua ikawa na sentensi saba. Tulimsomea Mama Vaileth kila moja kwa Kiswahili. Alikubali, akaweka dole gumba.

Jumatano asubuhi meneja alipeleka watu duara la tatu, upande wa kushoto. Jioni walimtoa Sostenes.

Sampuli niliifuta. Siku hizi mteja akija namuuliza kwanza, namsikiliza mpaka amalize, ndipo naandika. Nikimaliza namsomea. Barua zangu zimekuwa fupi, na zinajibiwa.

Ijumaa tulizika Ushirombo. Baada ya mazishi, Mzee Theonest, kaka wa marehemu, aliniita walipokaa wanaume.

"Ni wewe uliyeandika ile barua?"

"Ni mimi, baba. Nilikaa peke yangu, nikazipanga alama moja moja. Mkono haukutetemeka."

Mama Vaileth alikuwa kwenye mkeka, nyuma yangu. Sikujua.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwepo. Alama alikuwa anaelekeza Agnetha. Huyu alikuwa analia, mpaka karatasi ya kwanza ikalowa tukaitupa."