Mistari Sita ya Flaviana

Ngumi ilitua kwenye taya la Gervas saa nne asubuhi, ndani ya steshenari, mbele ya watu wasiopungua ishirini, na Gervas akaangukia mashine ya kutolea kopi. Karatasi zikaruka hadi dari. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti cha mtoto akakumbatia mkoba wake na kujibanza ukutani. Nje, Buguruni iliendelea na yake: spika ya muuza dawa za panya ikirudia maneno yaleyale, matoroli ya viazi yakigombea njia na bodaboda.

Aliyepiga aliitwa Twaha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mabega ya mtu anayebeba magunia sokoni Tandale, fulana nyeusi iliyokatwa mikono, na chini ya kwapa madaftari mazito, kaunta buku tatu zilizofungwa kwa kamba ya katani. Kosa la Gervas, mteja mwenzake, lilikuwa kuifungua mojawapo wakiwa kwenye foleni na kuwasomea watu kwa sauti ya puani.

Mwenye steshenari alitoka nyuma ya kaunta bila haraka. Alivaa gauni la kitenge cha njano, nywele kasuka twende kilioni, na masikioni hereni za mpingo alizochongewa na baba yake, Mzee Marselino, mchonga vinyago kutoka Newala. Jina lake Flaviana. Alimwinua Gervas, akamwangalia meno, akamwambia yamebaki yote. Kisha akamgeukia Twaha.

"Wewe mwandishi au jambazi?"

"Mie bondia."

"Sijauliza kazi ya mikono. Nauliza hizi." Akagonga kaunta buku kwa kalamu.

Twaha akasema hiyo ni riwaya, haijaandikwa nyingine kama hiyo mji huu, na atakayeicheka tena ataondoka kwa machela.

Flaviana alikuwa amechapa hadithi za watu kwa miaka mitano. Watunzi wanaouza hadithi sura kwa sura kwenye makundi ya WhatsApp walimjua kutoka Kinondoni hadi Mbagala, na walimjua zaidi kwa jambo moja: muhtasari. Ukimpa riwaya ya kurasa mia mbili, anakurudishia mistari michache ambayo mtu akianza kuisoma chai yake inapoa. Akamtaka Twaha aandike wa kwake kwanza, palepale, amwone.

Twaha alijifunza utungaji peke yake, akihesabu mizani kwa vidole juu ya magunia. Akaandika ubeti mzima, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa, kwamba kitabu hiki kinasisimua, kinaelimisha, kinaburudisha, na mtunzi wake ni simba. Flaviana akausoma wote. Akauchana mara mbili.

Twaha akakunja ngumi.

"Nipige na mimi," Flaviana akasema. "Lakini nisikilize kwanza. Hapa umejisifu. Msomaji hajali kama wewe ni simba. Anataka kujua ni nani atakayeumia, na ataumia wapi. Huyu mtu wako anaumia wapi?"

Twaha akazishusha kaunta buku kutoka kwapani.

"Soma mwenyewe," akasema, akaziacha kaunta buku mezani na kuondoka.

Walipendana kwa kugombana. Kila alipotoka mazoezini Twaha alipita Buguruni, jasho halijakauka, akasimama nyuma ya kiti cha Flaviana na kubishania kila nukta. Flaviana alifuta sifa zake, akaacha ngumi zake. Alimwambia anaandika mapigano kama mtu anayekula na mapenzi kama mtu anayetafuta choo. Twaha alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaleta sura ya mapenzi iliyomfanya Flaviana asimamishe vidole na kuomba maji. Asubuhi simu zilianza mapema.

"Umeamka, bondia wangu?"

"Nimeshusha lori zima tayari, bibie."

"Ukurasa wa arobaini umeua mtu bure. Mrudishe."

"Kashakufa huyo."

"Mfufue basi. Namhitaji sura ya tisa."

Riwaya ilimhusu Anwar, bondia wa Tandale, mshindi wa mapambano kumi na moja, ambaye jicho lake la kushoto halioni kitu. Anawaficha wote. Msomaji naye anafichwa hadi sura ya mwisho. Kabla ya hapo anamwona tu Anwar akiangusha vikombe na kugeuza shingo kama kuku. Flaviana alipoifikia sura hiyo alilia juu ya kibodi. Akamuuliza Twaha ameitoa wapi.

"Kichwani," Twaha akajibu.

Ni kweli ilitoka kichwani. Jicho la kushoto la Twaha lilikufa miaka miwili iliyopita, kwa ngumi moja ya mazoezini ambayo hakuna aliyeihesabu. Kila alipopimwa, alizikariri herufi za ubaoni kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Barabarani alihakikisha Flaviana yuko kulia kwake, na Flaviana alidhani ni adabu. Kama ingejulikana, leseni ingekwenda, na pamoja nayo pambano la Jumamosi dhidi ya Gibson wa Gongo la Mboto. Mshindi wa hapo alikuwa anakwenda kugombea mkanda. Twaha hakuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walikiita kwa jina lake.

Jumatatu ya wiki hiyo, Flaviana akaamua kumfurahisha. Pambano lilikuwa limebandikwa kila ukuta. Hakuna wakati bora wa kuuza riwaya ya bondia. Akaandika mistari sita, akatia na picha ya Twaha, akaitupa kwenye makundi yote:

Anwar wa Tandale amewalaza wanaume kumi na mmoja.
Jicho lake la kushoto halioni kitu.
Kocha hajui. Daktari hajui. Mama yake mzazi hajui.
Jumamosi anapanda ulingoni na mwanamume wa kumi na mbili.
Huyo naye hajui.
Lakini ameanza kuhisi.

Kufika adhuhuri iligeuka gumzo. Watu waliiomba riwaya kabla haijatoka. Flaviana alikuwa akicheka peke yake dukani. Kule mazoezini, Kocha Nurdin alimvuta Twaha pembeni, akamuuliza kama hii ni hadithi tu. Twaha akaapa ni hadithi tu. Jumatano ikasambaa video fupi kutoka Gongo la Mboto: Gibson akipiga gunia kwa mkono wa kulia, wa kulia tena, wa kulia peke yake, kisha akaitazama kamera na kusema anamsalimia Anwar.

Twaha aliingia steshenari bila salamu. Wateja walimwona usoni wakatoka wenyewe.

"Gibson kakupa nini?"

Flaviana alidhani ni utani. "Kanipa wasomaji. Umeona wanavyoiulizia?"

Twaha akapiga kioo cha kabati la madaftari kwa ngumi. Kioo kilishuka chote kwa pamoja, na damu ikafuata vidoleni.

"Ile ilikuwa siri ya sura ya mwisho, Flaviana. Ya mwisho. Nani alikutuma uilete mbele?"

"Ndiyo kazi yangu. Muhtasari haungoji sura ya mwisho. Kidonda kilikuwa pale, nikakitoa mbele mtu akione. Hadithi ni..."

Akakatisha. Alikuwa akimtazama. Akainua mkono wake polepole kutokea upande wa kushoto wa Twaha, akausogeza hadi vidole vikakaribia kope. Twaha hakupepesa.

"Mama yangu," Flaviana akasema kwa sauti ndogo. Kisha sauti ikapanda. "Miezi mitatu unanichapisha upofu wako mwenyewe. Unasimama hapo mgongoni kwangu, unanisahihisha nukta, na hili huniambii?"

"Ningekuambia ungeandika?"

"Nisingeandika. Na Jumamosi hupigani."

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima. Nitapigana hivyohivyo, uchi."

Akatoka akidondosha damu hadi kituoni. Namba ya Flaviana akaifungia. Flaviana alipiga simu mara nyingi, kisha akapiga kwa simu ya jirani; Twaha aliposikia sauti akakata.

Jumamosi, ukumbi wa Temeke ulijaa tangu saa tisa alasiri. Vijana wa Tandale upande huu, wa Gongo la Mboto upande ule, muziki wa singeli ukitikisa mabati. Flaviana alikuja na gauni jeupe la kanisani, kwa sababu alipovaa hakuwa akifikiri nguo, akasukumana hadi kiti cha pili kutoka ulingoni.

Raundi ya kwanza Twaha alipigana kama aliyetumwa kuua. Aliingia ndani, akapiga tumbo, akapiga mbavu, na ngumi yake ya kulia ikavunja pua ya Gibson hadi sauti yake ikasikika safu za mbele. Tandale ikasimama juu ya viti.

Raundi ya pili Gibson alivuta pumzi kwa mdomo, akaanza kuzunguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitokea mahali ambapo kwa Twaha hapakuwa mahali, palikuwa giza tupu. Ngumi ya kwanza ikampata sikioni. Ya pili shavuni. Ya tatu ikampeleka chini, na damu iliyoruka ikatua kwenye gauni jeupe. Twaha akainuka kwa hesabu ya sita. Raundi ya tatu akaenda chini tena, akainuka tena, na sasa nyusi ya jicho lake zima ilikuwa imepasuka, jicho likivimba kwa kila pigo. Gibson hakuwa na haraka. Alipiga kama mtu anayetwanga.

Kengele ilipolia, Flaviana alikuwa ameshafika kwenye meza ya daktari.

"Daktari, yule haoni jicho la kushoto."

"Wewe nani?"

"Mie ndiye niliyeandika."

Daktari alimtazama, akaitazama damu kwenye gauni, akapanda ngazi. Twaha alikuwa amekaa kwenye kona, Kocha Nurdin akimkandamiza kitambaa usoni. Daktari akamziba jicho la kulia kwa kiganja, akainua mkono wa pili mbele ya lile la kushoto.

"Vidole vingapi?"

Ukumbi ulipoa. Hata singeli ilizimwa.

"Vitatu," Twaha akasema.

Mkono wa daktari ulikuwa umefumbwa. Hapakuwa na kidole hata kimoja.

Refa akavuka mikono juu ya kichwa, na viti vikaanza kuruka. Vijana wa Tandale walikuwa wamemwona aliyekwenda kwa daktari. Walipiga kelele kwamba huyu dada amenunuliwa, kwamba alianza na simu na sasa anamaliza kwa mdomo. Chupa ikampata Flaviana kwenye paji la uso. Alianguka kwa magoti, na mmoja akamshika nywele.

Twaha alishuka kwa kupita kati ya kamba, glavu bado mikononi. Yule aliyeshika nywele alipigwa mara moja tu na hakuinuka. Wa pili alipoteza meno. Kiti kikamjia kutoka kushoto, hakukiona, kikavunjikia begani. Akayumba, akarudi kusimama juu ya Flaviana, miguu imetanuka.

"Akiguswa tena huyu, nitaua mtu."

Walimwamini. Nafasi ikapatikana. Kisha Twaha akainama, uso wake ukiwa nyama na damu, akamwambia Flaviana kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia:

"Umeniua mara mbili. Nenda kwenu."

Flaviana akaenda.

Hospitali walisema pazia la ndani la jicho la kulia lilikuwa limeanza kubanduka. Raundi mbili zaidi lingekwenda na lenyewe. Wakalifanyia upasuaji, wakalifunga bandeji kwa siku kumi na nne. Ngumi basi, maisha yote. Twaha akalala nyumbani kwa mama yake, Tandale, kwenye giza la macho yote mawili, akimfukuza kila aliyekuja kumpa pole.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alisikia mtu akimsalimia mama yake shikamoo, kisha hatua, kisha kifuniko cha laptop kikifunguliwa. Alimjua ni Flaviana, hakumfukuza.

"Sura ya mwisho ni ya uongo," akasema hatimaye. "Mle Anwar anashinda. Nataka kuiandika upya."

"Sema. Nachapa."

Alisema kwa saa nzima. Hakumhurumia. Kila alipomtaja mwanamke wa hadithi alimwita msaliti: msaliti akasukumana, msaliti akamnong'oneza daktari, msaliti akapigwa chupa na ilimstahili. Vitufe havikusita hata mara moja. Alipomaliza akamwambia asome, na Flaviana akasoma yote kwa sauti ileile, bila kulainisha neno.

"Halafu?" Twaha akauliza. "Msaliti akaenda wapi?"

"Hilo hukulisema."

"Sikuliona. Niambie."

Flaviana akaiweka laptop kitandani. Akasema alitoka ukumbini bado jua liko juu. Alitoa kitambaa kichwani, akajifunga jicho la kushoto, akatembea hivyo kutoka Temeke hadi kwao Mtoni, kidonda cha paji la uso hakijashonwa bado. Aligonga nguzo. Alimwangusha muuza mayai. Bajaji ilimkosa kwa upana wa kiganja na dereva akamtukana mama yake.

"Nilifika natetemeka, Twaha. Njia moja tu. Wewe miaka miwili. Miaka miwili na hukuona mtu hata mmoja wa kumwambia, ukaenda kumwambia karatasi."

Uani, mama yake alikuwa akikuna nazi, na sauti ya mbuzi ilijaza chumba kizima kabla Twaha hajafungua mdomo.

"Futa 'msaliti'," akasema.

"Pote?"

"Pote."

"Niweke nini?"

Akapapasa hewani hadi akaupata mkono wa Flaviana. "Weka 'mke wake'."

Flaviana hakuutoa mkono, lakini hakuchapa. Akamwambia hilo halichapwi kwa mtu aliyelala. Atafunguliwa bandeji, atapiga pasi shati, atakwenda Mtoni kulisema mbele ya Mzee Marselino, ambaye atamuuliza dini kabla ya jina, na ambaye mkono wake umeshika patasi miaka arobaini.

"Atanipiga?"

"Atakupiga."

Twaha akafikiri.

"Sawa," akasema. "Wewe chapa."